Jibu: HbA1c ya mama iko chini, sukari ya asubuhi iko juu

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini HbA1c ya mama, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, imetoka asilimia 5.4 ilhali kila asubuhi, kabla hajala, mashine ya kidole inaonyesha milimoli 9 hadi 10 kwa lita.

Kabla ya kuilaumu mashine, chunguzeni damu yenyewe. HbA1c hupima sukari iliyojishika kwenye himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Zikifa mapema, kama ilivyo kwa wenye selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu), au mgonjwa akiwa ameongezewa damu karibuni, kipimo hushuka hata kama sukari iko juu. Ombeni picha kamili ya damu na kipimo cha selimundu. Sijaiona karatasi ya mama, hivyo siwezi kusema sababu ni ipi.

Kisha rudieni sukari ya damu ya mshipa, akiwa hajala kwa saa 8. Hapa nasisitiza sana, kwani maabara nimeona sampuli za Micheweni zikisubiri gari la Chake Chake huku chembe zikiendelea kuila sukari, kiasi cha asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mtoa damu atumie kichupa chenye kifuniko cha kijivu, na hata hicho kifike mapema, maana dawa iliyomo ya kuzuia chembe zisile sukari huchelewa kufanya kazi. Jibu likiwa milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, mpelekeeni daktari pamoja na namba za kidoleni.

Kwa sasa, tafadhali, msimpunguzie mama dawa kwa sababu ya hiyo 5.4.