Re: Kipima hewa kwenye gereji ya kupuliza rangi

Ndugu yangu, umeuliza kama kipima hewa ulichoweka rafuni karibu na dirisha kinatosha kujua kama mvuke wa thina umevuka kikomo. Hakitoshi. Kifaa cha aina hiyo hujumlisha mivuke yote na kukupa namba moja, wakati vikomo huwekwa kwa kila kemikali peke yake. Marekani, kwa mfano, kikomo cha kisheria cha tolueni (kemikali inayopatikana kwenye thina nyingi) kwa wastani wa saa 8 ni sehemu 200 kwa milioni. Cha benzeni, kemikali nyingine ya jamii hiyo, ni 1 tu! Namba ileile yaweza kuwa nafuu au hatari kubwa, kutegemea ni kemikali gani.

Halafu fundi hapumulii rafuni. Pua yake iko juu ya boneti. Wapimaji humfungia pampu ndogo kiunoni, mpira ukapanda hadi kwenye kola, na kichupa cha mkaa kinanasa mvuke zamu nzima, kisha kinapelekwa maabara. Kama uko Tanzania, waite OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, waje wapime.

Na tafadhali, barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Mnunulie yenye vichujio vya mkaa leo, usingoje majibu.