Kijana Ambaye Hakutukatalia

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limeuliza kama ni kweli kwamba vijana wa siku hizi wameitupa familia na jamii zao. Naona wengi watawajibu kwa kutaja simu, kubeti na kushinda vijiweni, na pengine watakuwa na sababu zao. Mimi swali hilo limenigusa pabaya kwa kuwa limeelekezwa upande mmoja tu. Limetaka kujua kijana anaipa nini jamii, wala halikutaka kujua jamii inamfanya nini kijana anayeipa kila alichonacho. Nimemzika kijana wa namna hiyo, mtoto wa dada yangu, na tangu tumzike sijaweza kumsikia mtu mzima akiwalalamikia vijana bila moyo kunichemka.

Tunakaa Kirumba, kule juu upande wa Kabuhoro, ambako nyumba zimebanwa katikati ya majabali na hakuna gari wala bodaboda inayofika mlangoni kwa mtu. Anayeijua Mwanza anajua maisha ya milimani yalivyo: maji hupandishwa kwa ndoo, saruji hupandishwa begani, na wagonjwa na majeneza huteremshwa kwa mikono ya watu. Mpwa wangu alizaliwa huko mwaka 1996, mwaka ule meli ya MV Bukoba ilipozama na ndugu zetu wengi wakazikwa pale Igoma. Baba yake alifariki yeye akiwa bado shule ya msingi, na majirani ndio walioliteremsha jeneza mpaka barabarani. Dada yangu hakuchoka kumkumbusha jambo hilo. Alimwambia kwamba watu wamembeba baba yake, kwa hiyo na yeye atawabeba watu, na mtoto akalishika neno hilo kama lilivyo, bila kulipunguza.

Kazi yake ilikuwa Mwaloni, kwenye soko la samaki la kando ya ziwa. Wakati wa giza la mwezi, mitumbwi ya dagaa ilipoingia alfajiri, yeye na wenzake waliingia majini hadi kiunoni kupokea mzigo na kuufikisha nchi kavu, na baadaye mchana walipakia magunia ya dagaa wakavu kwenye malori. Kutokana na kipato hicho aliwalipia wadogo zake gharama za shule, alimwezekea mama yake bati jipya, na kila siku kabla ya kutoka alihakikisha pipa la maji limejaa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Chama chetu cha kufa na kuzikana kilimchagua kuwa mtunza hazina akiwa kijana mdogo kuliko wanachama wote, kwa sababu daftari lake lilikuwa safi na hakuna aliyewahi kuona shilingi ya msiba ikipotelea mikononi mwake.

Naomba nieleze usiku mmoja wa masika, maana nikiulizwa kijana huyu alikuwa mtu wa namna gani, usiku huo ndio unaonijia. Mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu saa nane za usiku, mvua ikiwa inanyesha kwa nguvu, na mumewe alikuwa kambini Ukerewe. Walikwisha kumketisha kwenye kiti cha plastiki na kuanza kubishana nani ashike wapi, mpwa wangu alipofika akiwa kifua wazi. Akakikataa kiti kile, akisema miguu yake itafunguka kwenye mteremko, kisha akaja kwangu kuomba kiti changu cha mbao chenye mikono. Akamfunga yule mama kwa khanga mbili, moja chini ya kifua na nyingine juu ya magoti, na akapitisha kamba ya kuanikia nguo chini ya kiti ili watu wawili wa nyuma wapate pa kushika hata mikono ikilowa. Mimi nilipewa taa. Nilidhani yeye atakaa nyuma, ambako uzito ni mkubwa, lakini alikwenda mbele, akashika miguu ya kiti, na akaanza kushuka kinyumenyume uso wake ukiwa umeelekea uso wa yule mama.

Baadaye nilimuuliza sababu, akanijibu kwa kifupi: "Mjomba, akitazama chini ataogopa, acha anitazame mimi." Njia ile haikuwa na ngazi wakati huo. Ilikuwa ni mawe na mikondo ya maji, na kila jabali lina jina ambalo watoto wa mlimani wamelipa, nasi wakubwa tumelizoea. Yeye alishuka bila kugeuka, akiyataja majabali hayo kwa sauti ili wa nyuma wajue wamefika wapi: hapa ni Jiwe la Kobe, hatua mbili kisha kuna tope, hapa tuegemee kulia, hapa tupumzike. Uchungu ulipomshika mama, alisimamisha msafara mzima na kumwacha ambane mabega mpaka upite. Mara moja mguu ulimteleza, goti likagonga jabali, nami kwa taa yangu niliona damu ikichanganyika na maji ya mvua kwenye muundi wake, lakini kiti hakikuinama. Tulipofika barabarani, dereva wa bajaji akadai nauli ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Mpwa wangu hakubishana naye. Alitoa simu yake mfukoni, akamkabidhi iwe rehani, akapanda akamshika mama mgongo, na wakaondoka.

Mtoto alizaliwa salama, msichana, na leo anapanda na kushuka mlima ule akiwa na sare za shule. Alfajiri ile ile mpwa wangu alipitiliza kutoka hospitali moja kwa moja hadi Mwaloni, akaingia majini na goti lake limepasuka. Jumapili iliyofuata aliitisha vijana, wakaanza kupasua kokoto na kujenga ngazi. Saruji tulichanga, lakini mchanga waliupandisha wao, na kazi ile iliendelea miezi mingi kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kibarua chake. Ngazi hizo zipo mpaka sasa, na zimefika zaidi ya nusu ya mlima.

Sasa nieleze alivyokufa, kwa sababu ndipo penye neno langu. Dada yangu aliona kwamba ubavu wa kushoto wa mwanawe umeanza kujaa, na yeye mwenyewe alikuwa akisema tumbo linamuuma na nguvu zimempungua. Kwenye kituo kimoja cha afya alipewa dawa za vidonda vya tumbo. Wapo pia waliomnong'oneza mama yake kwamba kijana anayependwa na watu wote hakosi wa kumwonea kijicho. Kumbe ilikuwa kichocho, si kile cha kukojoa damu tulichokizoea kukisikia, bali kile cha tumbo na ini, ambacho kwenye mwambao huu wa ziwa kipo kila mahali watu wanapoingia majini. Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, kisha minyoo huishi miaka mingi kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai yao huganda kwenye ini na kulijaza makovu, damu inakosa njia, bandama linavimba, na mishipa ya koo la chakula inatanuka. Siku mishipa hiyo ikipasuka, mtu hutapika damu, na mara nyingi hakuna aliye karibu anayejua kimetokea nini.

Dawa yake, prazikwanteli, ipo, na hutolewa kwa umati, lakini kwa muda mrefu mgao umeelekezwa kwa watoto wa shule. Mtu mzima anayesimama kiunoni ndani ya maji kila alfajiri ameachwa nje, ingawa mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maeneo yenye maambukizi ya kuanzia asilimia 10 yatoe dawa kwa watu wa rika zote kuanzia umri wa miaka 2. Haya sikuyajua akiwa hai. Nimeyasikia kwa madaktari baada ya yeye kulazwa, wakati dawa isingeweza tena kuyaondoa makovu.

Hata hivyo, kijana huyu alikuwa amepewa tarehe ya kwenda kuchunguzwa tumbo kwa kipimo kabla hajaanza kutapika damu. Tarehe ya kwanza iliangukia siku ya msiba, naye ndiye mwenye daftari la rambirambi. Tarehe ya pili mzee mmoja alimtaka amsindikize Sengerema kwa shauri la shamba, kwa kuwa yeye anajua kuongea na watu kwa upole. Iliyofuata, nauli na fedha ya kipimo ziligeuka kuwa mchango wa mtu mwingine aliyelazwa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba daftari linaweza kushikwa na mtu mwingine. Tulikwisha kuzoea kwamba yeye yupo. Waswahili husema punda afe, mzigo wa bwana ufike, na mimi nimeona kwa macho yangu watu wema, wacha Mungu, wakiishi kwa methali hiyo bila kuitamka.

Msibani wasifu wake ulisomwa chini ya turubai, na msomaji alipofika mahali palipoandikwa "hakuwahi kumkatalia mtu", watu waliitikia kwa kilio kikubwa. Yale yalikuwa machozi ya kweli, maana alipendwa sana, na umati ule ulijaza njia kuanzia juu mpaka barabarani. Lakini sentensi ile ilinikaa kooni. Ilisomwa kama sifa, na kwangu ilisikika kama maelezo ya kifo chake. Hata sasa, kila mzee anaposimama kikaoni kuwahimiza vijana wawe kama marehemu, natamani kumuuliza ni kwa vipi wawe kama yeye.

Nilipoanza barua hii nilikusudia kuishia hapo, na kuwajibu kwamba jamii ndiyo iliyowatupa vijana. Lakini nimekwisha kuandika habari ya usiku ule wa kiti, na siwezi kujifanya sikuiandika. Kama angesema amechoka, na alikuwa na haki ya kuchoka, yule mama angejifungulia juu ya majabali kwenye mvua, na Mungu ndiye ajuaye. Siwezi kutamani kwamba angekataa usiku ule. Wala sidhani kwamba yeye alijiona anatumika. Alikuwa na furaha ya waziwazi alipokuwa na watu, na nikimfanya aonekane mtu aliyeonewa tu, nitakuwa nimemnyang'anya kilicho chake.

Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na utaratibu wao. Vijana wa kijiji walikuwa na kikundi chao na kiongozi wao waliyemchagua, nsumba ntale, na kazi ya mtu mwenye shida ilikuwa ya kikundi kizima, na aliyewaita aliwapa chakula au mnyama wa kuchinja. Sitaki kuupamba wakati ule, ambao nao ulikuwa na udhia wake. Lakini mzigo haukuwa wa jina moja, na kijana alipokuwa mgonjwa kikundi kilikwenda shambani bila yeye. Sisi tumebaki na matarajio yale yale ya kale, ila tumeyaweka juu ya bega la yule mmoja aliyeitika, kisha tukaenda kuwasema wengine kwamba hawaitiki.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na nalitoa kwa tahadhari. Vijana hawajaitupa jamii. Ngazi zetu zilijengwa na wao, na wengi wa waliozijenga ni haohao wanaosemwa kwa kubeti. Lakini wale wanaojitenga kidogo, wanaozima simu, wanaosema leo siwezi kwa kuwa nina miadi ya hospitali, mimi siwahesabu kuwa wameitupa, hata pale ninapokerwa nao. Simsemei kijana asiyeonekana msibani hata siku moja wala asiyejua mama yake amekula nini. Huyo ana neno la kujibu, na sidhani kwamba nitawahi kumtetea.

Mdogo wake wa kiume sasa amemaliza shule na yuko Mwaloni. Chama kilimtaka ashike daftari la kaka yake, akakataa, akasema atachanga na atabeba jeneza kwa zamu yake, lakini daftari hapana. Wazee walikuja kwangu kulalamika, wakitaka nimkanye kama mjomba. Niliwaambia sitamkanya, na kwamba daftari lishikwe kwa zamu na watu watatu, na kwamba kabla ya kuzungumzia daftari nataka yeye na wenzake wanaoingia majini wapimwe kichocho, chama kikitoa nauli. La zamu wamelikubali shingo upande. La nauli wamesema halimo kwenye katiba ya chama, kwa kuwa fedha zile ni za kuzikana. Nimeomba katiba ibadilishwe, na ombi hilo limepangwa kujadiliwa kikao kijacho.

Msomaji wenu, Kirumba, Mwanza