Muulize Fundi Umeme: Altaneta ya gari la matangazo

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Noah ya zamani, SR40, ambayo naitumia kwa matangazo na kubeba maharusi hapa Tanga. Nyuma nimefunga sabufa mbili za inchi 12. Amplifaya ya sabufa imeandikwa 3000W na ina fyuzi mbili za 40. Ya spika za juu ina fyuzi mbili za 25. Altaneta, yaani mashine inayozalisha umeme wa gari, ni ile iliyokuja na gari, kibandiko kinasomeka 12V 80A. Nikiwa barabarani hakuna shida, lakini nikisimama sokoni muziki ukiendelea, taa zinafifia kila besi ikipiga, na nikizima gari haliwaki mpaka nibusti betri. Fundi mmoja kaniambia niagize altaneta ya ampea 250, wa pili anasema kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme kidogo na kuutoa haraka, inatosha, wa tatu ananitisha kwamba altaneta kubwa itaunguza kontrolboksi, yaani kompyuta ya gari. Nimfuate yupi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nianze na huyo wa tatu, maana hofu yake naikuta kila gereji. Altaneta iwe ya ampea 80 au 250, regulita yake, yaani kidhibiti cha volti, inashikilia volti palepale, kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ampea hazisukumwi kwa nguvu kwenda kwenye kifaa, kifaa chenyewe ndicho kinachovuta kiasi kinachohitaji. Nyumbani kwako soketi moja inawasha taa na inapasha pasi, na taa haiungui kwa sababu pasi inakula zaidi. Kinachounguza kontrolboksi ni regulita mbovu inayoachia volti zipande, na hiyo hutokea hata kwenye altaneta ndogo.

Sasa tupige hesabu. Hiyo 3000W ya kwenye boksi iache kama ilivyo, soma fyuzi. Mbili za 40 ni ampea 80, ukizidisha kwa volti 14 unapata wati 1,120 zinazoingia. Amplifaya za sabufa za siku hizi, zile za daraja D, hutoa kama asilimia 80 ya kinachoingia, kwa hiyo sabufa zako zinapata wati 900 hivi, basi. Ukijumlisha na amplifaya ya pili unafika ampea 130 mzigo ukiwa umejaa. Muziki haujazi mzigo muda wote, wa kawaida huvuta kama theluthi. Lakini wewe ni mtu wa matangazo: sauti iko juu kutwa, na nyimbo zenyewe zimebanwa, sauti ndogo zimepandishwa zikaribie kubwa, hazina pumziko. Kwako nakadiria nusu, yaani ampea 65. Gari lenyewe nalo linakula: pampu ya mafuta, plagi, taa, kipepeo cha AC, feni ya rejeta. Weka 40. Jumla ni 105.

Utasema basi ya 150 inatosha. Hapo ndipo watu wanapotupa pesa, na nakuomba unisikilize vizuri. Namba ya kwenye kibandiko ni ya altaneta ikizunguka mara 6,000 kwa dakika. Wewe unapiga muziki gari likiwa kwenye sailensa, yaani limesimama na injini inazunguka taratibu bila kukanyaga mafuta. Chukua rula upime puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na puli ya altaneta. Tuseme kubwa ina milimita 140 na ndogo 56, basi altaneta inazunguka mara mbili na nusu ya injini. Sailensa ya 750 inakupa mizunguko 1,875. Katika mwendo huo altaneta nyingi hutoa kama nusu ya namba yake, na ikishapata moto hushuka zaidi. Hiyo 80 yako inakupa kama 40, ambazo gari lenyewe linazimaliza. Muziki wote unalipwa na betri, ndiyo maana ukizima hakiwaki kitu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja: ikizunguka mara 1,800 hadi 2,000, ikiwa ya moto, inatoa ampea ngapi? Watengenezaji makini wana karatasi ya vipimo inayoonyesha hilo. Altaneta nyingi za Bosch huandikwa namba mbili kabisa, mfano 14V 50/120A, ya kwanza ikiwa ya mwendo mdogo. Tafuta inayokupa 110 kwenye sailensa, hata kama kibandiko kinasema 180 tu. Ya 250 inayotoa 60 ukiwa umesimama haikusaidii kitu. Na ganda dogo la altaneta ya kawaida lililowaindiwa upya kisha likabandikwa 250, liogope. Joto halina pa kutokea, dayodi, zile zinazogeuza umeme wa altaneta uelekee upande mmoja, zitakufa. Noah yako injini iko chini ya viti vya mbele, hewa ni finyu, kwa hiyo kwako joto ni adui mkubwa kuliko kwa mwenye gari la boneti ndefu.

Kapasita haizalishi umeme. Ya faradi 1, volti zikishuka kutoka 14 hadi 12, inatoa jouli 26. Mzigo wa wati 900 unazimaliza chini ya sekunde 0.03. Pesa hiyo nunua waya.

Na waya uutangulize kabla ya altaneta. Kutoka altaneta hadi chanya ya betri, kutoka hasi ya betri hadi bodi, kutoka injini hadi bodi: yote mitatu iwe ya milimita mraba 50, shaba tupu. Dukani vuta uzi mmoja, ukwangue kwa wembe. Ukiona weupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, inayopitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, rudisha. Waya wa chanya uwe na fyuzi karibu na betri, usizidi nusu mita. Mkanda nao ukaguliwe: ampea 110 kwa volti 14 ni zaidi ya nguvu farasi tatu kwenye puli, mkanda uliochoka utateleza na kupiga kelele.

Ukimaliza, weka mita kwenye betri, muziki juu, gari kwenye sailensa. Ikisoma 13.5 na zaidi, umefika. Ikishuka chini ya 12.6, betri bado inalipa.

SWALI: Fundi, spika zangu zinapiga mluzi unaopanda nikikanyaga mafuta. Altaneta imekufa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mara nyingi bado nzima. Waya wa hasi wa amplifaya ufunge kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi mpaka chuma king'ae, na waya za sauti zipitishe ubavu mwingine wa gari, mbali na waya mkubwa wa umeme. Mluzi ukibaki, na taa zinachezacheza, mpelekee fundi apime dayodi.