Tafuta Mtani Kabla ya Kutafuta Dawa ya Kusahau

Wastaafu wenzangu hapa Magomeni huniuliza natumia nini. Wananiona bado nakumbuka nani kaoa kwa nani na nani hajamaliza deni la kikoba tangu mwaka juzi, na nikikaa barazani kicheko hakikatiki. Wanadhani kuna unga wa mizizi nauficha, au vidonge natumiwa na wanangu. Hakuna. Nilichonacho ni watu wanaonijibu.

Nalisema hili kwa uchungu, maana naona wenzetu wanavyozima. Mtu anastaafu na miaka yake 60, kichwa kizima, maneno yamejaa mdomoni. Anahamia kwake Chanika au Bunju, kwenye nyumba aliyoijenga kwa jasho, ukuta mrefu, geti limefungwa. Mchana kutwa ni yeye na televisheni. Watoto wanapiga simu Jumapili: "Baba hujambo?" "Sijambo." Basi. Baada ya miaka michache ukienda kumjulia hali, hadithi moja anakurudishia mara tatu kabla chai haijapoa. Si kila anayesahau kasahau kwa upweke, magonjwa yapo na nitayafikia. Lakini akili isiyojibizana na mtu hulala, na mimi sijaona runinga inayomwamsha mtu.

Kazi yangu ilikuwa opereta wa simu, tangu zama za Posta na Simu. Kazi ile ilikuwa kichwa na sauti. Namba za ofisi za mjini tulikuwa nazo moyoni, mtu akisema tu "niunganishe na bandarini" mkono ushafika. Leo namba zote anazo simu. Mimi za wanangu na za dada yangu nazipiga tarakimu kwa tarakimu, siendi kwenye orodha. Jifunze angalau za watu wako watatu. Siku simu ikichomolewa Kariakoo utajua kazi yake.

Kitu kilichonisaidia zaidi baada ya kustaafu ni bao. Kaka yangu alinifundisha uani kwetu, maana kijiweni wanawake hatukai sana. Bao la Kiswahili lina safu 4 za mashimo 8, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 22 za mkononi, anaziingiza mojamoja. Hiyo ni namua. Zikiisha mnaingia mtaji, yaani mnacheza kwa kete zilizoko ubaoni tu, na hapo ndipo kazi ilipo. Kabla hujashika kete unatakiwa ujue ya mwisho itaangukia shimo gani, na kama shimo lile lina kitu, safari inaendelea, kwa hiyo unahesabu tena, huku unaangalia nyumba yako, lile shimo lako maalumu, isiliwe. Kaka yangu anafanya hesabu hiyo bila kunyoosha kidole. Anatazama tu, anameza mate, anasogeza.

Halafu kuna mdomo. Kwenye bao mdomo unafanya kazi sawa na mkono. Unapiga hesabu, na wakati huohuo mwenzio anakuimbia: "Nyumba hiyo naibomoa leo, anza kutafuta dalali!" Ukinyamaza umeshindwa nusu. Lazima ujibu, na ujibu vizuri, na hesabu isikupotee. Vijana wana michezo ya kwenye simu ya kunoa akili, nami sikatazi. Ila simu haikutanii. Hata video za vichekesho tunazorushiana kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia alfajiri, unacheka peke yako, unamrushia mwingine, kichwa hakijafanya kazi yoyote. Kumjibu mtu ana kwa ana ni jambo jingine kabisa.

Sisi tumejaliwa kitu ambacho mataifa mengi hawana: utani, kabila na kabila kuchokozana kwa ruhusa. Mimi ni Mzaramo, na jirani yangu ni Mnyamwezi wa Tabora. Kila asubuhi akipita na ndoo yake lazima aniulize kama ngoma ya jana imeisha au bado tunacheza, maana Mzaramo hajui siku ya kazi. Mimi namuuliza mzigo wa leo ameutua wapi, kwa kuwa babu zake ndio waliokuwa wapagazi wa misafara ya kuja Bagamoyo. Tumeambiana hayo miaka na miaka, na bado kila siku lazima lipatikane jipya. Jana alinipiga bao la maneno, leo nimeamka nalo, nalitafutia jibu huku nakoroga uji. Angalia kazi inayofanyika hapo: kukumbuka la jana, kuunganisha na la leo, kulitoa kwa wakati wake, kabla hajapinda kona. Na mtani haruhusiwi kukasirika, kwa hiyo moyo nao unajifunza kupokea.

Utani huu si wa kufurahishana tu. Mume wangu alipofariki nyumba ilijaa watu, na mimi sikuwa na neno wala chozi. Nilikaa tu kwenye mkeka. Wanaume walipotaka kutoka na jeneza, yule jirani akakaa mlangoni, miguu ameinyoosha, akasema haendi mtu makaburini mpaka Mzaramo huyu alipe ujira wa babu zake waliombebea mizigo kutoka Tabora, akakimbia bila kulipa. Wazee wakabembeleza, akakataa. Wakachanga visenti, akavihesabu kimoja kimoja, akasema havitoshi. Nikacheka. Ndipo nilipoweza kulia. Miezi iliyofuata, giza liliponiingia na sikutaka hata kufungua dirisha, ni yeye aliyekuwa anagonga na kudai salio lake.

Kama huna mtani wa kabila, una wajukuu. Mjukuu wangu wa kiume ni mume wangu, kama desturi yetu ilivyo, na mahari yangu hajaimaliza. Juzi kaniahidi kuilipa kidogo kidogo kwa simu. Nimemwambia atoe na ya kutolea. Lakini lazima sisi wakubwa tufungue mlango, kwa sababu vijana wanatuogopa kwa heshima. Kijana anatoa shikamoo, unaitikia marahaba, kila mtu anashika njia yake. Usimwachie hapo. Muulize jambo, mchokoze kidogo, mtanie kuhusu timu yake iliyofungwa. Kijana wa bodaboda wa pale kona yetu alianza kwa shikamoo kavu. Siku hizi akiniona kwa mbali ananiita mchumba, na ananifundisha maneno yao mapya ambayo nikiyarudia nyumbani wajukuu wanaanguka chini kwa kicheko.

Utani uwe na mpaka, hata hivyo. Ugonjwa wa mtu, kukosa mtoto, umaskini wake, hivyo havichezewi. Mzee mwenye ulimi wa kukata hukimbiwa, na akikimbiwa anabaki peke yake.

Sasa masikio. Wengi mnahangaika na kumbukumbu huku masikio ndiyo yanayowatoa barazani. Utani huishia kwenye neno la mwisho, na mtu asiyesikia vizuri neno la mwisho ndilo linalompita. Wenzake wanacheka, naye anacheka kwa kufuata. Kesho anajibu kisichoulizwa, watu wanatazamana. Keshokutwa haji tena, anasema miguu inauma. Ukiona unaongeza sauti ya redio na watoto wanalalamika, nenda kapimwe. Wakati mwingine ni nta tu imeziba, na hiyo inasafishwa hospitali; usijichokoe kwa kijiti wala kifuniko cha kalamu. Kama ni usikivu wenyewe umepungua, vifaa vya kusaidia kusikia vipo. Vina gharama, ndiyo. Harusi za watoto tunazichangia kwa kamati na vikao, basi familia iketi na kwa sikio la mama.

Jambo hili silisemi kwa hisia zangu tu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, ambao madaktari huuita dimenshia, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani wangeweza kukingwa au kucheleweshewa kama mambo hayo yangeshughulikiwa. Kupungua kwa usikivu kumo. Kutengwa na watu kumo. Sonona, ile huzuni isiyoondoka, imo, macho yasiyotibiwa yamo, na presha, kisukari, sigara, pombe nyingi na kukaa bila kuutumikisha mwili. Kwa hiyo dawa za presha usizimeze siku unayoumwa kichwa tu. Zimeze kila siku kama ulivyoandikiwa. Na utembee. Mimi huenda sokoni kwa miguu asubuhi kabla jua halijakolea.

Kunywa maji, hasa Januari na Februari. Mwili wa mzee hausikii kiu kama wa kijana, na joto la Dar linakausha mtu akiwa amekaa kivulini. Na dawa za mafua au mzio zile zenye kuleta usingizi, tunazojinunulia dukani, zinaweza kumvuruga mzee akili. Muulize mfamasia kabla hujameza.

Ninyi wenye wazazi, hili mlishike. Mzee aliyekuwa mzima jana, leo asubuhi hajui alipo au anaita watu waliokufa, huo si uzee. Uzee hauji kwa usiku mmoja. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, sukari kushuka, maji kupungua mwilini. Hospitali leo leo.

Na yule anayesahau polepole, miezi na miaka, anapotea njia ya kurudi kwake, msimwite mchawi. Tumesikia mara nyingi: bibi kakutwa alfajiri kwenye uwanja wa watu, nguo hana, hajui jina lake, na mtaa mzima unapiga kelele kwamba ungo umemdondosha. Yule ni mgonjwa aliyepotea. Mfunike kanga, mpe maji, mtafute mjumbe, mtafute ndugu zake.

Dada mkubwa wa jirani yangu anao ugonjwa huu. Majina ya wanawe yameshamtoka. Lakini nikiingia na kumuuliza mzigo ameutua wapi, ananitazama, anakunja uso, ananiambia Wazaramo hatulipi. Ukimtembelea mtu kama huyu usimfanyie mtihani, usimuulize "unanikumbuka mimi nani?" Jitaje jina mwenyewe. Zima televisheni, kaa mbele yake penye mwanga auone mdomo wako, ongea taratibu, na kama mko wengi semeni mmoja mmoja, na mngojee. Jibu lake linachelewa, lakini mara nyingi linakuja, na likija lina chumvi ileile ya zamani.