Kadi ikisema "black tie", usikimbilie kununua tai nyeusi

Mkuu, hiyo tai irudishe dukani leo hii kama risiti unayo. Unasema kadi ya chakula cha usiku imeandikwa "black tie", na muuzaji kakuambia suti yoyote ya rangi ya giza na tai nyeusi ndefu vinatosha. Havitoshi! Maneno hayohayo niliambiwa na muuza suti mmoja Kariakoo, nikamlipa laki nne na nusu.

"Black tie" ni jina la vazi zima, na vazi lenyewe ni taksido. Koti ni jeusi, au bluu iliyokolea sana, na kola yake imefunikwa kwa hariri au satini. Suruali ina utepe wa hariri pembeni, kuanzia kiunoni hadi chini, wala haivaliwi na mkanda. Shati jeupe, tai ya kipepeo nyeusi. Tai ndefu haimo kabisa. Waingereza walianza kuvaa koti hili karne ya 19 badala ya lile lenye mkia. Wamarekani wakaliita kwa jina la Tuxedo Park, kule New York. La mkia bado lipo, ndilo "white tie", na ndilo wanaume wanavaa kwenye karamu ya Nobel Stockholm kila Desemba 10.

Yule muuzaji alipitisha kiganja kwenye kola akasema, "Ona inavyong'aa, bosi." Iling'aa kweli, lakini liling'aa koti zima, kwa sababu ni polista tupu, kola na mgongo kitambaa kimoja. Taksido ukiishika, kola inateleza tofauti na bega. Mtu anauza suti kila siku, hilo asilijue? Alijua. Alitaka mzigo utoke. Usiku wa shughuli watu wa itifaki wakaniweka pembeni mpaka wageni wengine wakaingia. Mke wangu, na gauni lake refu lililotimia kila kitu, akasimama nami koridoni muda wote huo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hela naweza kusamehe.

Kwa hiyo nakusihi, mavazi ya kadi usimuulize muuza suti. Muulize aliyekualika. Kadi nyingi zinaruhusu vazi la taifa, na kanzu safi na koti na kofia vinakuingiza kwa heshima zote. Kaunda suti naipenda, ila kwa mwaliko huu usiivae kabla hujaruhusiwa.

Namba ya kuthibitisha kuhudhuria huwa chini ya kadi. Piga leo, uliza kama kanzu na koti vinakubalika. Wakikataa, zunguka maduka ya suti za harusi, yapo yanayokodisha taksido, na uishike kola kwa mkono wako kabla hujatoa hata shilingi. Shughuli ni Jumamosi. Kwa siku zilizobaki, habari za fundi cherehani zisahau.