Maswali na Majibu: Cheti Kwanza, Kontena Baadaye

Safari hii maswali karibu yote yanahusu vifaa vya kurusha mawimbi: ruta, redio koli, mita za maji, simu za mezani, simu za mkononi. Mengi yametumwa mzigo ukiwa umeshalipiwa. Nitayajibu hivyo hivyo, ila wasomaji wengine wayasome kabla hawajatuma fedha.

Swali: Nimeagiza ruta 300 za Wi-Fi kutoka Shenzhen. Zimefika bandarini Dar es Salaam na wakala wa forodha anadai cheti cha TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Nikipateje haraka? (Kariakoo)

Haraka haipo. Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mzigo uko bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kwa siku. TCRA inaidhinisha modeli ya kifaa kwa kusoma nyaraka za kiufundi, na nyaraka hizo anazo mtengenezaji. Wewe umeshamlipa fedha zote, kwa hiyo hana tena sababu ya kukimbizana na barua pepe zako. Mwandikie leo hii, na uombe kila kitu kwa pamoja: ripoti kamili za vipimo vya redio, za mwingiliano wa sumakuumeme na za usalama wa umeme, tamko la mtengenezaji kwamba kifaa kinafuata viwango, maelezo ya kiufundi yenye masafa na nguvu ya kurusha, mchoro wa saketi, picha za nje na za ndani, kitabu cha mtumiaji, na barua inayokuruhusu wewe kuombea modeli hiyo idhini. Tenga na sampuli, inaweza kuhitajika.

Kwa ruta ya bendi mbili, ripoti za redio utakazoletewa kwa kawaida ni za viwango vya Ulaya: EN 300 328 kwa gigahezi 2.4 na EN 301 893 kwa gigahezi 5. Mwingiliano ni familia ya EN 301 489, usalama ni IEC 62368-1. Usikubali kurasa tatu za muhtasari. Ripoti ya kweli ina majedwali, grafu, picha za kifaa kikiwa maabara, na namba ya ithibati ya maabara kwa ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za vipimo. Itafute maabara hiyo kwenye orodha ya chombo kilichoipa ithibati, uone kama kiwango husika kimo ndani ya upeo wake.

Kinachoangusha maombi mengi ni namba ya modeli. Ripoti inasema AX120, stika ya kifaa inasema AX120T, na kiwanda kinakwambia ni kitu kile kile. Huenda ni kweli, lakini karatasi haisemi hivyo. Hapo unahitaji barua ya kiwanda inayoeleza tofauti ya modeli hizo mbili, na tofauti hiyo isiguse redio wala antena. Kasoro nyingine inayojirudia ni ripoti kutaja adapta ya umeme tofauti na iliyomo kwenye boksi.

Cheti cha modeli pia si leseni yako. Anayeingiza na kusambaza vifaa vya mawasiliano anahitaji leseni ya kazi hiyo, na mwombaji wa kwanza mara nyingi huigundua akiwa katikati ya maombi ya cheti.

Utakapoagiza tena, panga malipo yako upya. Viwanda vya China vimezoea asilimia 30 ya utangulizi na 70 kabla ya kusafirisha. Andika kwenye proforma (ankara ya awali) kwamba hiyo 30 inalipwa baada ya nyaraka zote kukufikia na wewe kuzikagua. Kiwanda kinachokataa sharti hilo hakina ripoti. Achana nacho.

Swali: Ada ya cheti ni shilingi ngapi?

Iko kwenye kanuni za TCRA na inategemea aina ya kifaa. Isome huko siku unayoomba, usichukue takwimu ya mwaka juzi kutoka kundi la WhatsApp.

Swali: Vifaa vyangu vina alama za CE (ya Ulaya) na FCC (ya mamlaka ya mawasiliano ya Marekani). Kwa nini niombe idhini tena?

Kwa sababu hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kibali cha Tanzania. CE hata kwao Ulaya, kwa vifaa vingi, ni tamko la mtengenezaji mwenyewe: chini ya Maelekezo ya 2014/53/EU, yaani sheria ya Ulaya ya vifaa vya redio, aliyefuata viwango vilivyooanishwa anapima, anatangaza, anabandika. Stika inachapishwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapisha stika. Kinachokufaa wewe ni ripoti zilizo nyuma yake.

Namba ya FCC ya Marekani ina faida moja kubwa. Iingize kwenye tovuti yao, utapata ripoti na mara nyingi picha za ndani ya kifaa. Fungua sampuli yako uilinganishe: antena imekaa upande gani, kifuniko cha bati juu ya redio kina umbo gani, chipu imeandikwa nini. Bodi zikitofautiana, namba hiyo imeibwa kwenye kifaa kingine na ujue unauziwa bandia. Ila ripoti ya Marekani inapima sheria za Marekani. Kule gigahezi 2.4 inaruhusiwa hadi wati 1 kabla ya antena; Ulaya kikomo ni miliwati 100 pamoja na antena. Kwa hiyo ripoti ya FCC peke yake haiwezi kubeba maombi yako huku.

Swali: Modeli imeidhinishwa na CA, mamlaka ya mawasiliano ya Kenya. Cheti hicho kinatosha Tanzania na Uganda?

Hapana. Kila nchi ina mamlaka yake: CA ya Kenya, TCRA ya Tanzania, UCC ya Uganda, RURA ya Rwanda. Ripoti za maabara ni zile zile, kwa hiyo faili moja lililoandaliwa vizuri linazunguka nchi zote. Cheti hakivuki mpaka.

Swali: Shemeji yangu yuko Texas, ananiletea simu 20 za mezani zisizo na waya kwa ajili ya hoteli. Ni za "DECT 6.0". Kuna shida? (Bagamoyo)

Kuna shida kubwa, mwambie asizinunue. Afrika tuko Kanda ya Kwanza ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano) pamoja na Ulaya. Marekani iko Kanda ya Pili, na mgawo wao wa masafa ni tofauti. DECT, teknolojia ya simu za mezani zisizo na waya, kwa Ulaya hufanya kazi megahezi 1880 hadi 1900. Hiyo "6.0" ya kwenye boksi ni jina la soko la Marekani kwa simu za megahezi 1920 hadi 1930. Sasa angalia kilichoko huku kwenye masafa hayo: mtandao wa 3G wa 2100 unapokea simu za wateja kuanzia 1920 hadi 1980. Mnara unasikiliza mawimbi dhaifu sana kutoka simu zilizoko kilomita kadhaa, halafu vituo vyako vya simu vinarusha juu ya masafa yale yale, saa zote, hata kama hakuna anayeongea. Wanaoumia ni jirani zako ambao simu zao zinakata na hawajui kwa nini. Kampuni ya simu inao wataalamu wa kufuatilia chanzo, na watakufikia mpaka mapokezi.

Nunua za Ulaya, zilizoandikwa 1880–1900 kwenye karatasi ya maelezo, na zenyewe uzipitishe kwenye idhini.

Swali: Kampuni yetu ya ulinzi inataka kununua redio koli za Baofeng UV-5R kwa kuwa ni rahisi. Zikiidhinishwa tunaweza kuanza kuzitumia?

Idhini ya kifaa na leseni ya masafa ni vitu viwili. Hata redio iliyoidhinishwa huruhusiwi kuiwasha bila kupangiwa masafa yako. Anza na maombi ya masafa, kwa sababu ndiyo yatakayokwambia ununue redio za VHF (masafa ya chini) au UHF (masafa ya juu). Wanaoanza na duka hujikuta na redio zisizofaa masafa waliyopewa.

Kuhusu modeli yenyewe, mimi siipendekezi kwa walinzi. Inafunguka megahezi 136 hadi 174 na 400 hadi 520, na mlinzi anaweza kupiga namba yoyote kwa vitufe vyake na kurusha kwa wati 4 au zaidi. Ndani ya wigo huo imo 156.8, yaani chaneli 16 ya baharini, ambayo vyombo hutumia kuomba msaada. Kwa Tanga, Dar es Salaam au Unguja huo ni mchezo na roho za watu. Nunua redio za kibiashara zinazopangwa kwa kompyuta na kufungwa, mtumiaji abaki na kuchagua chaneli tu.

Swali: Tunatengeneza mita za maji za LoRa (redio ya kutuma data kidogo kwa umbali mrefu). Moduli za megahezi 915 ni bei nafuu kuliko za 868 na chipu ni ile ile. Tutumie za 915? Pia tunaweka ESP32 (moduli ya Wi-Fi na Bluetooth) yenye cheti, je, bado tunahitaji idhini? (Arusha)

Msitumie. Mpango wa masafa wa Marekani kwa LoRaWAN, mtandao wa vifaa vya LoRa, unarusha kutoka kwenye kifaa kuanzia megahezi 902.3 hadi 914.9. Linganisheni na GSM 900, ambako simu hurusha kwenda mnarani megahezi 880 hadi 915. Mita zenu zote zingekuwa zinapiga kelele ndani ya sikio la mnara.

Ni kweli chipu kama SX1276 inaweza kupangwa masafa yoyote kati ya hayo kwa programu, na ndilo jibu mtakalopewa na muuzaji. Lakini vichujio na saketi ya kuoanisha antena kwenye moduli vimepangwa kwa 915. Mkiishusha 868 mnapoteza umbali, mawimbi ya ziada yanabadilika, na ripoti ya vipimo mliyonayo haihusu tena mnachorusha. Agizeni ya 868 tangu mfano wa kwanza, na mpange nguvu miliwati 25 na muda wa kurusha usiozidi asilimia 1, kama EN 300 220 inavyotaka kwa chaneli kuu za LoRa. Kisha muiulize TCRA kwa barua mipaka kamili ya masafa mtakayotumia, na barua ya majibu ikae kwenye faili.

Kuhusu ESP32: cheti cha moduli kinawapunguzia vipimo vya redio, hakigeuki kuwa cheti cha mita. Na kinashika iwapo tu hamjabadilisha antena, wala hamjaizungushia shaba ya bodi, betri au kasha la chuma. Tatizo la kawaida ni antena ya moduli kuwekwa katikati ya bodi badala ya kutokeza ukingoni. Vipimo vya mwingiliano na usalama vinafanywa kwenye kifaa kizima, hasa mkiwa na redio mbili zinazoweza kurusha kwa wakati mmoja.

Swali: Natafuta busta (kifaa cha kuongeza nguvu ya mtandao wa simu) kwa ajili ya ghorofa, nitaagiza mtandaoni.

Usiagize. Busta inarusha kwenye masafa ya kampuni za simu, na wenye haki ya kurusha humo ni wao. Antena ya nje ikisikia ya ndani, inaanza kujizungusha yenyewe na kuziba mtaa mzima. Ipelekee kampuni yako ya simu ombi la kuboreshewa mtandao ndani ya jengo.

Swali: Nina cheti cha ubora kutoka nchi ya mauzo kwa ajili ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). TCRA wa nini tena? Na Zanzibar je?

TBS wanaangalia ubora na usalama wa bidhaa, TCRA wanaangalia mawasiliano. Hakuna kinachofuta kingine. Zanzibar mawasiliano ni jambo la Muungano, kwa hiyo TCRA ni hiyo hiyo. Viwango viko chini ya ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar.

Swali: Nataka kununua simu zilizotumika kwa jumla kutoka Dubai. Nitajuaje kama si feki?

Kenya ilizima simu bandia Septemba 2012, Tanzania Juni 2016. Simu yenye IMEI (namba ya utambulisho wa simu) mbovu ni hasara yako na ni dhuluma kwa mteja wako. Piga *#06# upate namba ya tarakimu 15; simu ya laini mbili ina mbili, kagua zote. Nane za kwanza zinatambulisha modeli, ya mwisho ni ya uhakiki. Tuma namba hiyo kwenda 15090 kwa Tanzania, au 1555 kwa Kenya, usome jina la modeli linalorudi. Ukiwa umeshika Samsung na jibu linataja simu nyingine, ubao wake umebadilishwa au namba imepandikizwa.

Kisha linganisha namba ya kwenye kioo, ya kwenye trei ya laini au chini ya betri, na ya kwenye boksi. Usikague simu tano anazokuchagulia muuzaji. Mwambie akutumie orodha ya IMEI zote za mzigo kwanza, iweke kwenye jedwali na utafute zinazojirudia. Namba moja ikitokea kwenye simu mbili, mzigo huo usiulipie.