Springi za Rafiki Yako, Gari Lako

SWALI: Shikamoo fundi. Nashindana otokrosi, ile ya kuzunguka koni, dereva mmoja mmoja, huku saa ikihesabu. Gari langu ni dogo, linavutwa na magurudumu ya mbele. Nimelipima: kila tairi la mbele linabeba kilo 330, la nyuma kilo 200. Kwenye kona linalala sana, na pua inakataa kugeuka. Rafiki yangu, anayeshinda kila mara kwa gari la aina nyingine, ananiuzia springi zake za mbele, za kilo 10 kwa milimita. Nizifunge? Gari hilohilo ndilo la kwendea kazini.
Dereva wa Wikendi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usizifunge, hata akikupa bure.

Nakwambia hivyo kwa sababu nilishafanya hilo. Gari langu la kwanza la mashindano nililifunga springi ngumu kuliko zote nilizopata. Likatulia kama meza, halilali hata kidogo, nikaamini nimemaliza kazi. Saa ikasema vingine: muda wangu uliongezeka. Nilirudi njiani kwa miguu, nikachutama kwenye kona yenye kiraka cha lami. Alama ya tairi langu ilikuwa vipande vipande: nyeusi, kisha hakuna kitu, kisha nyeusi tena. Tairi lilikuwa linarukaruka pale nilipolihitaji lishike.

Sasa tazama hizo kilo 10. Maana yake ni kwamba kuibonyeza milimita moja kunahitaji uzito wa kilo 10. Huo ni ugumu wa springi yenyewe, si ugumu unaofika kwenye tairi. Katikati kuna mkono, kile chuma kinachoshika gurudumu na kupanda na kushuka nalo, na mkono ni wenzo. Pima hivi: gari likiwa limekaa imara juu ya stendi, ondoa springi, weka jeki chini ya kitovu cha gurudumu, kipandishe milimita 20 kwa rula, kisha uone pale springi inapokaa pamesogea milimita ngapi. Tuseme gari la rafiki yako lina mikono miwili, juu na chini, na pamesogea 13. Gawa 13 kwa 20, unapata 0.65. Zidisha 0.65 kwa yenyewe, maana wenzo unapunguza mwendo na nguvu pia: 0.42. Kwa hiyo kilo 10 zake zinafika kwenye tairi kama kilo 4.2. Wewe, kama magari mengi ya aina yako, mbele springi imeizunguka shokapu iliyosimama juu ya kitovu. Hapo utapata kama 19. Springi ileile kwako ni kilo 9 kwenye tairi, zaidi ya mara mbili!

Halafu toa uzito usiobebwa na springi: gurudumu, breki, kitovu. Mbele zibaki tuseme kilo 290, nyuma 170. Chukua ugumu wa kwenye tairi, gawa kwa kilo hizo, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 15.8. Jibu ni mara ngapi gari lingecheza juu na chini kwa sekunde. Magari ya kawaida huwa kati ya 1 na 1.5. Kwa gari la koni lisilo na mabawa ya kulikandamiza chini, mimi huanzia 1.8 na sipendi kupita 2.2. Springi za rafiki yako zingekupeleka karibu 2.8.

Ningekufungia springi za kilo 4.2 mbele, na nyuma, ikiwa hesabu ya wenzo wako (kama ile 0.65) ni 0.7, za kilo 6. Usishangae nyuma kupata namba kubwa. Jumla ya uzito unaohamia matairi ya nje haiamuliwi na springi, bali na ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito na upana wa gari. Springi zinaugawa tu: upande ulio mgumu zaidi, mbele au nyuma, ndio unaobeba zaidi, na ndio unaoachia mapema. Pua yako inakataa kwa kuwa matairi ya mbele yamezidiwa. Ukikaza nyuma, mbele inapata nafuu. Gurudumu la nyuma la ndani likiinuka kidogo, usiogope. Ila ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, hasa kwenye mvua, mkia utataka kukupita. Safari za kazini zisikusahaulishe hilo.

Kabla ya yote, soma kanuni za daraja lako. Madaraja mengine hayaruhusu kugusa springi za kiwandani, yanaruhusu stabilaiza tu, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana. Kama ni hivyo, stabilaiza nene ya nyuma itakusaidia kwa tatizo hilohilo.

Shokapu zilizochoka haziwezi kuituliza springi ngumu inaporudi juu, kwa hiyo zihesabu kwenye bajeti. Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokapu, zunguka koni, kisha tazama imesukumwa hadi wapi. Ikifika kwenye mpira wa kuzuia kugonga, hujaendesha juu ya springi, umeendesha juu ya mpira. Na tafadhali usikate springi kwa msumeno: inakuwa ngumu kweli, lakini ncha haikai tena kwenye kikombe chake, na gurudumu likining'inia inaweza kuchomoka.

Anza kwa kupima nyuma. Niandikie umepata ngapi kati ya 20, tuirudie hesabu kabla hujatoa pesa.